Kupangiwa Wazee si Adhabu

Msimu wa fildi ukifika, mwanafunzi wa ustawi wa jamii aliyepangiwa wazee hujiona kaonewa. Wenzake wamepata watoto na vijana, yeye kapewa vikongwe. Sababu anazozitoa tuzipime kwa hali ya Nansio, makao makuu ya Wilaya ya Ukerewe.

"Wazee wana familia zao." Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 nayo inaitegemea familia. Lakini vijana wakienda kutafuta maisha Mwanza au kwenye kambi za uvuvi, bibi hubaki na wajukuu. Tena Kanda ya Ziwa imeshuhudia vikongwe wakiuawa kwa tuhuma za uchawi. Macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa kuni yalifanywa ushahidi, na nyuma ya baadhi ya tuhuma walikuwapo ndugu waliokodolea shamba macho. Familia ya namna hiyo ndiyo inayomhitaji afisa ustawi.

"Kuosha na kulisha ni kazi ya wauguzi." Chukua mzee aliyevuka ziwa kutoka kisiwa cha Ukara kuja kutibiwa Nansio. Asiye na uwezo, akitimiza miaka 60, hutibiwa bure. Huyu cheti cha kuzaliwa hana. Anahitaji mtu wa kukaa naye kwenye benchi na kumuuliza taratibu: "Babu, mwaka wa Azimio la Arusha ulikuwa umeanza shule, au ulikuwa bado unachunga?" Azimio ni la 1967; hapo umri unaanza kukadirika. Kisha apigiwe mwenyekiti wa kitongoji, barua iandikwe, jina liingie kwenye orodha ya wanaotibiwa bure. Hiyo ndiyo fani yenyewe.

"Mzee hana jipya." Aniceti Kitereza wa Ukerewe alizaliwa 1896. Riwaya yake, *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka*, aliyoiandika kwa Kikerewe na kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ilichapishwa 1980, yeye akiwa tayari kikongwe.

"Hali ya wazee haibadiliki." Zanzibar ilianza Pensheni Jamii 2016: wakati huo shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mwenye miaka 70 na kuendelea, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Bara bado. Nani atalidai hilo, ikiwa waliosomea kazi hiyo wanawakimbia wazee?

"Ajira hakuna." Ni chache, kweli. Ila ni chache hata kwa aliyepangiwa watoto.