Mnyama Akifa Ndiyo Basi? Nani Kasema?

Mwandishi aliyetangaza kwamba mnyama akifa ndiyo basi, na kwamba Biblia imeshalimaliza suala hilo, amekimbilia hukumu. Aliyelimaliza ni Thomas Aquinas wa karne ya 13, aliyefundisha kuwa roho ya mnyama hufa pamoja na mwili. Biblia yenyewe je? Mhubiri, sura ya 3, anaishia kuuliza kama kuna ajuaye roho ya mnyama inaelekea wapi; jibu hatoi. Paulo, Warumi 8, anaviona viumbe vyote vikiugua vikingoja kuwekwa huru. John Wesley aliisoma sura hiyohiyo akahubiri waziwazi kwamba wanyama watapewa hali bora kuliko ya sasa. Mpinge ukitaka, lakini usiseme hakuna Mkristo makini aliyewahi kuamini hivyo. Na agano la baada ya gharika, Mungu alilifunga na Nuhu na wanawe tu? Mwanzo 9 inawataja ndege, mifugo na wanyama wa mwituni.