Sakafu ya Nje Ichague Ikiwa Imelowa

Mvua zikianza mjini, kitu cha kwanza tukikaguacho ni paa. Twaweka sufuria panapovuja, twamwita fundi na kununua mabati. Ni wachache mno wanaoinama kuangalia pale wanapokanyaga: kwenye veranda, ngazi za nje na pale uwani tunapofulia nguo. Ilhali hapo ndipo nyanya huteleza akienda kuanika kitenge, na mtoto huanguka akikimbilia lango.

Usidhani kuanguka ni jambo la kuchekwa tu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na walio hatarini zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Mzee akivunjika nyonga, aghalabu huhitaji upasuaji, na wengine hawatembei tena walivyokuwa wakitembea awali.

Je, kwa nini sakafu huteleza? Maji hukaa kama utando kati ya wayo na sakafu laini, mguu ukakosa pa kushika. Povu la sabuni huzidisha hatari hiyo, na ukuvu wa kijani unaoota kivulini huzidisha maradufu. Sakafu yenye mikwaruzo huyapa maji njia ya kupenya, mguu ukashika.

Basi ukienda dukani kununua vigae, usidanganywe na mng'aro. Pale dukani kila kigae ni kikavu! Omba kimoja, kimwagie maji, kisha ukisugue kwa soli ya ndara unazovaa nyumbani. Kikiteleza mkononi mwako, kitamwangusha mwanao. Kagua pia katoni. Vigae vingine huandikwa herufi R na nambari kuanzia 9 hadi 13. Kadiri nambari inavyopanda ndivyo kigae kinavyozuia kuteleza. Cha R9 kiache ndani ya nyumba. Nje tafuta R11 au zaidi.

Kama mfuko ni mwepesi, usihuzunike, kwani sakafu ya bei nafuu yaweza kuwa ndiyo salama zaidi. Mwambie fundi asipige niru sakafu ya nje. Akishaisawazisha simiti, na kabla haijakauka, apitishe ufagio mgumu juu yake, mistari ikikata njia ya kupitia. Mawe ya Mazeras kutoka Pwani nayo hufaa yakiachwa na uso wake wa asili, bila kung'arishwa. Matofali ya kabro pia hushika mguu vizuri, mradi yasiachwe kuota ukuvu.

Je, wapenda sakafu ya mbao kama zile za hotelini? Ni nzuri, lakini mbao huota ukuvu upesi mahali pasipofika jua. Acha nafasi ndogo kati ya ubao na ubao ili maji yapite, na uzisugue mara kwa mara. Usizipake vanishi ya kung'aa.

Hata sakafu bora haifai ikituamisha maji. Fundi aipe mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kuelekea mbali na nyumba. Vidato vya ngazi viwe na kimo kimoja, maana mguu huzoea kimo cha kidato cha kwanza, na kile kimoja kilichozidi au kupungua ndicho kimwangushacho mtu. Weka mahali pa kushika, na taa pia.

Nawe mpangaji, usiseme haya ni ya wenye nyumba. Ile sakafu nyekundu ya kung'aa, fahari ya ploti nyingi, haipaswi kupakwa nta pale mvua inapofika. Sugueni ukuvu kwa brashi ngumu na dawa ya kung'arishia nguo iliyochanganywa na maji, kisha msuuze vizuri; lakini dawa hiyo msiichanganye kamwe na dawa nyingine ya choo, kwani huweza kutoa hewa ya sumu. Atakayefua na amwage maji ya sabuni kwenye mtaro, si njiani. Na kama ngazi inateleza, wapangaji wote mwendeeni mwenye ploti pamoja, mkamwonyeshe wakati imelowa. Ikiwa kavu atawaambia haina neno.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Gharama ya ufagio mmoja na saa moja ya fundi haikaribii gharama ya kitanda cha hospitali. Leo jioni, kabla ya kufunga mlango, mwaga kikombe cha maji hapo kizingitini, ukanyage polepole huku umeshika ukuta. Jibu utalipata papo hapo.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.