Kansa ya Kaposi: dawa ya nano ipo tangu 1995, Luvungi inangoja

Wengi wakisikia dawa za nano, wanafikiri ni mambo ya kesho. Sivyo. Dawa ya kwanza ya namna hiyo dhidi ya kansa iliruhusiwa Marekani mwaka 1995, kwa wagonjwa wa SIDA wenye Kaposi, kansa ya madoa meusi ya ngozi. Na Kaposi madaktari waliiona huku mashariki mwa Congo hata mbele SIDA haijajulikana!

Ni doksorubisini, dawa ya zamani, iliyofungiwa ndani ya vifuko vya mafuta vidogo sana: vifuko elfu kumi vikipangwa mstari, urefu ni kama milimita moja. Mishipa ya damu ya uvimbe huwa na matundu. Vifuko vinapenya humo, dawa inakusanyika kwenye kansa, na moyo hauumii sana kama inapotolewa bila vifuko.

Sasa mgonjwa wa Luvungi. Dawa za VIH anapewa bure, na mara nyingine hizo peke yake zinapunguza madoa. Zisipotosha, apande Ngomo hadi Bukavu, akatwe kipande cha ngozi kipimwe, kisha familia itafute feza za dawa ya kansa. Mbuzi wanauzwa, shamba linafuata.

Kwa maoni yangu, Wizara ya Afya isitenganishe magonjwa hayo mawili. Gari linaloleta dawa za VIH lirudi na vipande vya ngozi kwenda labo, na dawa ya Kaposi itolewe bure katika hospitali kuu, Uvira na Bukavu.