Bi Kidude na Waimbaji wa Nyanda za Juu Kusini

Fatuma binti Baraka, Bi Kidude, alifariki dunia Aprili 17, 2013, baada ya kuimba kwa zaidi ya nusu karne. Aliimba taarabu na kuongoza unyago, ambamo kuimba, kupiga ngoma na kuigiza ni kazi moja isiyogawanyika. Mwaka 2005 alitunukiwa huko Uingereza tuzo ya WOMEX. Hata hivyo, mwaka wa kuzaliwa kwake haujulikani kwa hakika. Alipoulizwa umri, alikuwa akitaja enzi za rupia.

Aliyemtangulia, Siti binti Saad, alibahatika zaidi. Siti alirekodi santuri Bombay mwaka 1928, akafariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Vijana wasiopata kamwe kuisikia sauti ile wamemjua darasani.

Iringa na Mbeya bado zinamngoja Shaaban Robert wao. Kuanzia Mufindi hadi Rungwe wapo akina mama waanzishao wimbo arusini na kuongoza maombolezo msibani, na ambao kwa sauti na ishara huweza kumwigiza bwana harusi hadi ukoo mzima ukacheka. Mwaka ule ule wa 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika akinasa muziki, ukiwamo wa Wahehe na ligombo lao. Hazina hiyo imehifadhiwa Afrika Kusini!

Tangu Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, heshima ya sanaa zetu imehubiriwa sana. Lakini mgeni rasmi akija, bibi huitwa kucheza juani, hupewa soda, kisha hurudi kwake bila mtu kumwuliza jina. Hiyo si heshima.

Kisingizio cha ukosefu wa fungu hakikubaliki hapa. Kinachotakiwa ni daftari, simu yenye kinasa sauti, na jioni mbili tatu za mwalimu na wanafunzi wake. Maofisa utamaduni wa wilaya nao waanze na walio wazee zaidi. Kwanza mwimbaji aombwe ridhaa, maana wimbo ni mali yake. Kisha liandikwe jina lake, kijiji chake na aliyemfundisha, na wimbo wenyewe uandikwe kwa Kihehe, Kinyakyusa au Kisafwa kama ulivyoimbwa, kabla ya tafsiri yoyote. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine apewe yeye.