Shamba na Nyumba: Tuhesabu siku za nondo wa mahindi



Juma hili tuongee juu ya kiwavi jeshi anayetoboa mahindi yetu. Alitoka Amerika, akaonekana Afrika mara ya kwanza mwaka 2016, na hakukawia kufika kwetu Kongo. Tunamjua kama mdudu wa kwenye jani, lakini mama yake ni nondo, kipepeo wa usiku wa rangi ya majivu. Kwa usiku mmoja anaweza kuruka kilomita 100.

Hesabu yake ni hii. Nondo anataga fungu la mayai 100 hadi 200, mara nyingi chini ya jani, na kulifunika kwa manyoya. Baada ya siku 3 hivi viwavi wanatoka. Wanakula wiki 2 hadi 3, wakijificha ndani ya moyo wa muhindi. Kichwani wana alama ya Y iliyopinduliwa. Kisha kiwavi anashuka, anajizika udongoni sentimita chache, na kutoka akiwa nondo. Penye joto mzunguko wote ni siku 30 hivi. Penye baridi unaweza kufika 60. Kwa hiyo wamama wa Beni wana siku chache kuliko wa milima ya Butembo.

Kwa nini tuhesabu? Kwa sababu usalama hauturuhusu kwenda shamba kila siku. Tukipata siku 2 kwa juma, twende kwa kikundi, tangu mahindi yakiwa machanga. Tugeuze majani, tuponde mayai, tutoe viwavi kwa mkono asubuhi mapema. Tutie majivu au mchanga kidogo kwenye moyo wa muhindi. Tupande mapema, pamoja na majirani, na tuchanganye na maharagwe.

Juu ya dawa: kiwavi mkubwa aliyejificha haimfikii vizuri, na franga zinapotea bure. Mwenye mimba au mwenye mtoto mgongoni asipulizie. Chupa ya dawa isirudi jikoni kutiwa mafuta.

Na majani yenye matundu yasituvunje moyo. Muhindi mchanga mara nyingi unapona, tusiung'oe haraka.

Mkutano ujao, kila kikundi kituambie kiliponda mafungu mangapi ya mayai. Fungu moja likipondwa leo, viwavi zaidi ya mia hawatazaliwa.