Jariwalla na Banda la Bati la Kawangware

Mwezi uliopita dada yangu alinipigia simu kutoka Mombasa, sauti imempwelea kwa kulia. Mwanawe aliyekwenda Nairobi kutafuta riziki, kumbe amefungua banda la kuonesha picha huko Kawangware. "Kaka, nenda kamtoe," akaniambia. "Wenzake wana kazi za heshima, yeye auza sinema mabatini!" Nami, kwa kuwa ndiye mjomba, nikafunga safari.

Nilifikia kwa rafiki yangu Mnubi, Makina, Kibera. Baada ya Alasiri tukashika njia ya Kawangware. Banda lenyewe ni mabati matupu, mabenchi ya mbao, pazia jeusi mlangoni na televisheni kubwa mbele. Palikuwa pakioneshwa picha ya Kihindi, na juu ya sauti za wachezaji ikisikika ya DJ Afro, akiisimulia kwa Kiswahili chake cha Nairobi, na watu wakicheka hata kushika mbavu. Mpwa wangu akainuka. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, baba." Akatazama chini, alijua nimetumwa.

Nikaketi. Na aliyenijia moyoni pale kwenye benchi hakuwa dada yangu, bali ni marehemu Hassanali Adamji Jariwalla.

Vijana wengi hawalijui jina hili. Jariwalla alikuwa Mhindi mhamiaji aliyefanya maskani yake Unguja. Jina lenyewe ni la kazi: jari ni uzi wa dhahabu wa kutarizia nguo, na jariwalla ni mtu wa biashara hiyo. Zama zile picha zilikuwa bubu, na wasafiri wakizizungusha mji hadi mji, wakizionesha katika mahema na nyua kama mazingaombwe. Mwaka 1921 Jariwalla akafungua Royal pale Vuga, jumba hasa la sinema, lililochorwa na J. H. Sinclair, yule yule Mwingereza aliyechora Beit el Amani. Hesabu mwenyewe, msomaji: India ilikuwa bado miaka kumi kutoa picha yake ya kwanza yenye sauti, Alam Ara, ya mwaka 1931. Mfanyabiashara kutia mali yake katika jumba kubwa namna ile, kwa ajili ya vivuli vya ukutani, si jambo dogo.

Royal iliteketea kwa moto katika miaka ya 1950, na mahali pale pale pakajengwa Majestic, iliyofunguliwa 1955. Habari hizi mwanachuoni wa Kimarekani, Laura Fair, amezitia katika kitabu kizima alichokitoa mwaka 2018. Nilipoziona nilifurahi, kisha nikaona haya. Sisi wenyewe, tuliojaa washairi na waandishi, tulikuwa wapi?

Maana sinema ilituingia mpaka jikoni. Siku za Idi, baada ya swala na pilau, watoto walikwenda wapi na shilingi zao? Mama zetu walikuwa na maonesho yao peke yao, hapana mwanamume, wakatoka macho mekundu kwa kumlilia Nargis. Nyimbo za picha zile zikaingia katika taarabu. Mwulize yeyote wa Mombasa aliyemsikia marehemu Juma Bhalo. Mimi mwenyewe nilikula bakora za maalim chuoni kwa ajili ya Sholay. Maalim alijua nilikokuwa kwa kuwa nilikuwa nikiimba nyimbo zake huku nikifuta ubao.

Basi mbona jumba la Vuga ni historia, na banda la Kawangware ni uhuni? Naona tofauti ni kuta tu. Biashara ni ile ile: mgeni wa mji hukodi picha ya mbali, akawakalisha watu wasiojuana pamoja gizani, nao wakatoka wana mazungumzo ya wiki nzima. Hata huyo msimulizi wa Nairobi tunayemcheka anafanya kazi ya tarjuma, na tarjuma ni kazi ambayo sisi wa chuoni twajua uzito wake.

Sikatai kwamba yako mabanda ya kufungwa leo kabla ya kesho. Liko linaloonesha uchafu, na liko linalowaficha watoto saa za skuli. Sheria ya filamu na leseni zake ipo, na itumike. Lakini kumfunga mchafu ni jambo moja, na kuidharau kazi nzima ni jingine.

Tukirudi Makina, rafiki yangu alinikumbusha neno. Babu zake waliletwa kutoka Sudani kuwa askari wa Kiingereza, wakapewa msitu, wakauita Kibra, yaani msitu kwa lugha yao. Hati ya ardhi, eka 288, jamii yao iliipata mwaka 2017, baada ya zaidi ya miaka mia. "Huku," akasema, "mtu huitwa mgeni hata akizikwa." Nikamfikiri tena Jariwalla. Tunapomtaja, ikiwa tunamtaja, twasema "yule Mhindi", na Majestic imechakaa vibaya, ingawa wako wanaojitahidi kuifufua. Na hapa Nairobi majumba mengi ya sinema yamegeuka makanisa. Shan ya Ngara ina bahati, imekuwa ukumbi wa sarakasi.

Nilimpa mpwa wangu masharti matatu. Adhana ikilia azime, mtoto wa skuli asimwingize mchana, na picha ambayo hawezi kuiangalia na mamake asiilete. Akakubali yote. Nikamlipa kiingilio changu, akakataa kukipokea, nikakiacha juu ya benchi.

Usiku dada yangu akapiga simu. Nikamwambia mwanawe hatoki Kawangware, na sababu nikamweleza kama nilivyowaeleza nyinyi. Akanyamaza kitambo kirefu, hata nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, ni picha gani iliyokuwa ikioneshwa.