Gari Huibwa Mara Mbili



Kila gari linapoibwa nchini Kenya, wa kwanza kuhojiwa huwa ni mwenye gari. Uliegesha wapi? Ulifunga milango? Mbona hukuweka king'ora? Huingia kituoni mlalamishi, akatoka akijihisi mshtakiwa. Kisha hutokea mkubwa fulani mbele ya waandishi wa habari, akawaasa wananchi wawe waangalifu, na kazi ya serikali ikawa imekwisha. Tumechoka na mahubiri hayo. Hatuukatai uangalifu, na tutausema hapa chini. Lakini twashikilia kwamba gari huibwa mara mbili. Mara ya kwanza huibwa barabarani, kwa bisibisi au kwa bastola. Mara ya pili huibwa mezani, kwa kalamu. Wizi wa kwanza mwenye gari aweza kupambana nao. Wa pili hauoni, na huo ndio wenye faida.

Tunayo sababu ya kusema haya. Kanisa letu lilikuwa na pikapu iliyonunuliwa kwa harambee ya miaka miwili. Ilibeba mahindi ya msaada wakati wa ukame, ikabeba wagonjwa na majeneza, na siku za uchaguzi ikawabeba waangalizi hadi vituo vya mbali. Iliibwa usiku wa kesha, nasi tukiwa ndani tunaimba. Asubuhi tuliambiwa kituoni kwamba gari la doria halina mafuta. Tukachanga mafuta. Miezi saba baadaye fundi wetu aliiona sokoni katika mji mwingine, akaitambua kwa kiraka alichokichomelea kwa mkono wake mwenyewe. Namba zilikuwa nyingine. Namba ya chesisi ilikuwa imesagwa na kugongwa upya. Aliyekuwa nayo, mchuuzi wa vitunguu, alitoa logibuku, na logibuku ile haikuwa ya kughushi. Ilikuwa ya pikapu nyingine, ya aina hiyo na mwaka huo, iliyopondeka katika ajali na kuuzwa kama chuma chakavu. Gari lile lilikufa, ila hati zake hazikuzikwa pamoja nalo. Wezi walizinunua, wakalivisha gari letu. Mchuuzi yule naye alikuwa ametoa akiba yake yote.

Wasomao Biblia wanaikumbuka habari ya Nabothi. Ahabu hakuruka ua wa shamba usiku. Barua ziliandikwa, zikapigwa muhuri wa mfalme, wazee wa mji wakazitii, na shamba likapata mmiliki mpya kwa taratibu zote.

Tuanze basi na wizi wa kwanza, asije mtu akasema tunailaumu serikali huku tumeacha funguo garini. Gari kuukuu mwizi huliwasha kwa kuunganisha nyaya chini ya usukani. Magari yalipoanza kutambua ufunguo wake, mwizi akaugeukia ufunguo wenyewe. Ukimwachia muosha gari shada zima la funguo, umempa na wa nyumba. Mpe ule wa gari peke yake, na usikae mbali. Magari mapya yajifunguayo ufunguo ukiwa karibu yana balaa lake. Wezi huja wawili: mmoja husimama penye ukuta wa nyumba na kifaa kinachonasa mawimbi ya ufunguo ulio sebuleni, mwingine huyapokea kando ya gari, na gari likadhani bwana wake amefika. Tia ufunguo katika mkebe wa bati wenye kifuniko, uuweke mbali na mlango. Kisha ujaribu: beba mkebe hadi penye gari, na mlango ukifunguka, tafuta mkebe mwingine. Madukani kuna wanaovuruga mawimbi unapobonyeza kufunga, nawe ukaondoka ukiamini umefunga. Vuta kitasa kwa mkono kabla hujaondoka.

Kifaa cha kufuatilia gari ni kizuri, ila wezi wanakijua vilevile, na kuking'oa ndiyo kazi yao ya kwanza. Kwa fedha kidogo, fundi unayemwamini aweza kukufichia swichi ya siri inayokata umeme wa pampu ya mafuta, gari likafa kabla halijafika mbali. Kufuli la usukani ni la kizamani, lakini humfanya mwizi alitazame gari linalofuata. Twajua kwamba hapo umemsukumia jirani yako mwizi, ndiyo maana hoja yetu haiishii kwenye makufuli.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni ya langoni kwako, usiku, ukipiga honi na kungoja kufunguliwa. Ukiona gari limekufuata tangu barabara kuu, pita nyumba yako uende penye watu. Piga simu mapema ili lango liwe wazi unapofika. Bastola ikitokea, toa ufunguo, na mikono yako ionekane. Hakuna gari linalostahili kumfanya mtu mjane.

Kisha kuna mwizi anayekabidhiwa ufunguo kwa tabasamu. Hukodi gari kwa kitambulisho cha mtu mwingine, akalipia siku mbili, akang'oa kifaa cha kufuatilia, akaliuza au kuliweka rehani kwa hati bandia. Waathiriwa wa wizi huu ni vijana na wajane walionunua gari moja kwa mkopo wa SACCO ili liwalishe. Na wengi wana bima ile ya lazima tu, ya Sura ya 405, ambayo humlinda mtu uliyemgonga. Haikulipi ndururu gari likiibwa. Gari limekwenda, mkopo umebaki.

Sasa tuje kwenye meza. Gari lililoibwa halifai kitu mpaka lipate jina jingine, au livuke mpaka wa Namanga au Busia, au likatwe vipande. Kila njia kati ya hizo humpitisha mwizi mbele ya mtu anayelipwa mshahara na wananchi. Januari 2019, magaidi waliposhambulia DusitD2 jijini Nairobi, wapelelezi waligundua kwamba namba za gari walilolitumia zilikuwa pia kwenye gari jingine. Mwaka 2022 serikali ikazindua namba mpya zenye alama za usalama. Vema. Lakini bamba jipya juu ya daftari la zamani ni kanzu nyeupe juu ya mwili usiooga.

Sheria yenyewe inajua mzizi uko wapi. Kifungu cha 278A cha Kanuni ya Adhabu kinampa mwizi wa gari kifungo cha hadi miaka 7. Kifungu cha 322 kinampa anayepokea mali ya wizi hadi miaka 14, maradufu. Waliotunga sheria walimwona mpokeaji kuwa mkubwa wa mwizi. Lakini nendeni mahakamani Jumatatu mkaangalie ni nani wamesimama kizimbani. Ni vijana wenye bisibisi. Aliyeuza hati za gari lililokufa yuko wapi? Aliyelifungulia kizuizi mpakani je?

Na tusijitoe sisi. Tumewaona waumini wakiinua mawe juu ya kijana aliyeng'oa kioo cha pembeni, na wiki iyo hiyo wakanunua kioo cha namna hiyo kwa bei isiyoelezeka, bila kuuliza kilitoka wapi. Anayemchoma mwizi na kununua bidhaa yake hana neno la kumwambia waziri. Chora namba ya gari lako kwenye vioo na taa zote, na ukipewa kipuri kilichokwanguliwa namba, kikatae. Ukinunua gari, chunguza usajili wake kwa NTSA kabla ya kulipa, linganisha namba ya chesisi na ya injini kwa macho yako, ufanye uhamisho wa umiliki siku hiyo hiyo.

Twadai mambo matatu. Hati za kila gari lililotangazwa na bima kuwa halitengenezeki zifutwe siku ya kutangazwa, kabla mabaki hayajauzwa. Kila badiliko katika daftari la usajili libebe jina la mtumishi aliyelifanya, na mwenye gari aarifiwe papo hapo. Na idadi ya magari yaliyoibwa, yaliyopatikana na yaliyorudishwa kwa wenyewe itangazwe kituo kwa kituo. Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 imetupa haki ya kupata habari hizo. Kila kikundi cha haki na amani parokiani kiandike barua yake, kidai nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, na kisikubali jibu la mdomo.

Ama pikapu yetu, haijarudi. Ni kielelezo cha kesi, nayo imeegeshwa uani mwa kituo cha polisi, chini ya ulinzi wa saa ishirini na nne. Mwezi uliopita tulikwenda kuitazama. Betri haimo, na magurudumu mawili ya nyuma yameondolewa. Imesimamishwa juu ya mawe.